Bei ya fundi Kolo: nani kaulizwa, nani kalipia?

Orodha za gharama za ujenzi na huduma za nyumbani zimejaa kwenye simu za watu. Nyingi hazisemi bei zilichukuliwa wapi, lini, kwa nani, wala kwa fedha za nani.

KOLO, KONDOA. Mwalimu anayetaka kupiga lipu nyumba yake ya vyumba vitatu hapa Kolo, kando ya barabara kuu ya Dodoma–Babati, hana pa kutazama bei. Ataita fundi. Fundi ataizunguka nyumba, atagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, atauliza mchanga uko wapi na maji yanatekwa wapi, kisha atataja bei ya jumla.

Akiitwa wa pili, atataja bei ya siku, na chakula kiwe juu ya mwenye nyumba. Wa tatu hatataja kitu. "Tutaelewana tu, mwalimu," atasema, huku anavipima viatu vya mwalimu kwa macho.

Hapo zimetajwa bei mbili na ahadi moja, na hakuna mbili zinazolinganishika. Ya kwanza ina saidia fundi ndani yake, ya pili haina. Ya kwanza inahesabu kazi hadi iishe, ya pili inahesabu jua kuchomoza na kuzama. Mwalimu akikaa chini apige hesabu, atagundua kwamba hata hajui aulize nini.

Kisha simu inaita. Kwenye kundi la WhatsApp mtu ametupia orodha yenye rangi nzuri: bei za mafundi Tanzania, kupiga lipu kiasi fulani kwa mita ya mraba, kuweka vigae kiasi fulani, fundi bomba kiasi fulani kwa siku. Chini kwenye kona kuna nembo ya muuza rangi. Hakuna tarehe wala jina la mji. Hakuna anayesema waliulizwa mafundi wangapi.

Kwa mwalimu yule, hiyo ndiyo takwimu. Kesho yake ataishika mkononi kumbana nayo fundi.

Kolo haimo kwenye kapu

Takwimu rasmi za bei zipo. Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), ambayo makao yake makuu yako Dodoma mjini, hutoa Fahirisi za Bei za Taifa. Tangu mwaka 2021 fahirisi hizo zinapimwa kwa kulinganisha na bei za mwaka 2020. Uzito wa kila kundi la bidhaa umetokana na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimebeba asilimia 28.2 ya kapu la bidhaa na huduma zinazopimwa. Kundi la nyumba, maji, umeme na nishati linabeba asilimia 15.1.

Bei hizo lakini hukusanywa mijini, katika mikoa ya Tanzania Bara. Kwa mkoa huu, mji huo ni Dodoma, takribani kilomita 180 kusini mwa Kolo. Fundi anayepanda lori la mchanga kwenda vijiji vya Mnenia au Pahi kujenga choo cha shimo hajaulizwa.

Si kosa la NBS. Fahirisi imeundwa kuonesha bei zimepanda au kushuka kwa kasi gani. Haikuundwa kumwambia mtu wa Kolo amlipe nini fundi umeme. Ukiona chombo cha habari kimechukua mfumuko wa bei wa mwezi na kuugeuza kuwa bei ya fundi, ujue mwandishi ameruka ngazi.

Baraza la Taifa la Ujenzi nalo hufuatilia bei za vifaa vya ujenzi, ili wakandarasi na waajiri wao wapate pa kushika mikataba inapokuwa mirefu na saruji ikapanda katikati. Kazi hiyo ni ya maana. Lakini mkandarasi aliyesajiliwa na fundi wa kijijini ni viumbe wawili tofauti sokoni.

Matokeo yake, soko kubwa kuliko yote la huduma za nyumbani, yaani fundi wa mtaani na dada wa kazi, ndilo lisilo na mtu wa kulipima kwa utulivu. Pengo likiwapo, huzibwa. Na anayeliziba mara nyingi ni mwenye kitu cha kuuza.

"Fahirisi haikuundwa kumwambia mtu wa Kolo amlipe nini fundi umeme."

Januari si Agosti

Tuseme mtafiti makini anakuja Kolo. Swali lake la kwanza liwe la kipimo. Uashi hapa hulipwa kwa tofali, kwa siku, kwa chumba, au kwa jumla. Tofali lenyewe laweza kuwa la kuchoma au la bloku. Kupaua hupatanwa kwa nyumba nzima, na bei hutegemea paa ni la mgongo mmoja au lina mikunjo ya kisasa ambayo kila fundi huiona kama fursa. Ukichanganya hivi vyote ukavigawa, unapata namba isiyo ya mtu yeyote.

Swali la pili ni msimu. Kondoa ina mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati huo fundi ni mkulima. Ana mahindi, ana alizeti, ana mbaazi. Anayemwita Januari ama humkosa, ama humpata kwa bei ya kutupa kwa kuwa ghala limekwisha na ada ya shule inadaiwa.

Baada ya mavuno mambo hugeuka. Alizeti imeuzwa, tanuri za tofali zinafuka moshi, na kila mwenye kuta anataka bati juu kabla mvua haijarudi. Fundi yule yule, ukuta ule ule, bei nyingine kabisa.

Ndiyo maana NBS ilipofanya utafiti wa kaya wa 2017/18 haikwenda wiki moja ikarudi. Kaya 9,465 zilihojiwa katika kipindi cha miezi 12, Desemba 2017 hadi Novemba 2018, ili msimu usiwadanganye. Orodha ya bei iliyokusanywa kwa simu katika siku mbili za Agosti inaweza kuwa ya kweli kwa Agosti tu, na haina budi kusema hivyo.

La tatu ni wastani wenyewe. Chukua mfano wa kubuni: mafundi watano wanataja shilingi 100,000, 110,000, 120,000, 120,000 na 400,000, huyo wa mwisho akiwa amezoea kazi za nyumba za wageni. Wastani ni 170,000. Hakuna fundi hata mmoja wa wale watano anayedai 170,000. Ya katikati ni 120,000, na huo ndio ukweli wa kijiji.

Kwa dada wa kazi ni vivyo hivyo. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na 250,000 kwa aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa. Sheria yenyewe iliachanisha viwango zaidi ya mara nne. Anayechapa "wastani wa mshahara wa dada wa kazi" bila kusema ni dada yupi anafanya mzaha.

Kolo ina somo lake la zamani katika hili. Michoro ya miambani ya Kondoa, ikiwemo ya Mongomi wa Kolo, iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ndani ya eneo la kilomita za mraba 2,336. Maeneo yenye michoro ni mangapi? UNESCO huandika kwamba yanakisiwa kuwa kati ya 150 na 450. Wangeweza kuchapa 300 na nani angewabishia? Wameacha pengo hilo pana lionekane, kwa sababu ndivyo ujuzi ulivyo. Muuza rangi hawezi kuthubutu hilo. Tangazo lenye "kati ya" haliuzi.

Sheria iliyogeuka

Kwa muda fulani, hata kuuliza tu kulikuwa na hatari. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa mwaka 2018, ikawa kosa kutoa kwa umma takwimu zinazopotosha au kupingana na zile rasmi. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo, au vyote viwili. Benki ya Dunia ilisema waziwazi kwamba marekebisho hayo yanaitia wasiwasi.

Julai mwaka huo huo shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya utafiti wake wa maoni, Sauti za Wananchi, yaliyoonesha kushuka kwa kiwango cha wananchi wanaoridhika na utendaji wa Rais wa wakati huo, John Magufuli, kutoka asilimia 71 mwaka 2017 hadi 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) iliwaandikia barua kuwataka wajieleze kuhusu kibali cha utafiti.

Ubishi ule ulikuwa wa siasa, lakini ulifika mbali. Mtafiti wa bei ya kuchimba choo naye aliwaza mara mbili.

Juni 2019 Bunge lilirekebisha tena sheria. Jinai ikaondolewa, na haki ya mtu kukusanya na kutoa takwimu zisizo rasmi ikatambuliwa, mradi afuate misingi ya kitaalamu.

Upande wa Serikali ulikuwa na hoja, na haifai kuipuuza. Namba mbaya huumiza. Orodha ya bei iliyopikwa inaweza kumfanya mjane auze mbuzi wake wote kwa paa ambalo lingegharimu nusu. Kinachobishaniwa ni dawa. Ukimfunga anayekosea, unamnyamazisha na anayepatia, kwa sababu hakuna mtafiti asiyewahi kupishana na takwimu rasmi.

Twaweza wenyewe, upende au usipende matokeo yao, walifanya jambo ambalo watengeneza orodha za bei hawafanyi. Waliposimika jopo lao la kaya za kupigiwa simu, waliwapa wahojiwa simu na chaja za jua, ili asiye na simu asitoke kwenye hesabu. Orodha inayotokana na mafundi walioko kwenye programu ya simu inawaacha nje mafundi wengi wa Kolo kabla hata ya swali la kwanza.

"Ukimfunga anayekosea, unamnyamazisha na anayepatia."

Anayelipa na anayeandika

Sheria ya sasa inamruhusu mtu kuhesabu. Kusema nani alilipia hesabu hiyo kumeachwa kwa dhamiri ya anayechapa, na hapa gazeti haliwezi kujitoa.

Kampuni ya vifaa ikileta "utafiti" wake mezani, imeleta pia tangazo la ukurasa mzima. Mhariri anajua. Idara ya matangazo inajua. Msomaji ndiye pekee asiyejua. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, zinadai tangazo lijulikane kuwa ni tangazo. Kuliandika neno hilo juu ya ukurasa ni kazi ya dakika moja. Kulikataa tangazo lililovaa kanzu ya utafiti kunaweza kugharimu mshahara wa mwezi wa dawati zima.

Upande wa wanaolipa nao unasikika. Wanasema: bila sisi msingekuwa na namba yoyote. Ni kweli nusu. Kukusanya bei ni gharama, kuna nauli, kuna posho za wadodosaji, na magazeti yetu hayana bajeti hiyo. Tatizo linaanza pale mlipaji anapopewa kuona matokeo kwanza na kuchagua yapi yatoke.

Shinikizo halitoki kwa wafanyabiashara peke yao. Kwa miaka kadhaa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari mamlaka ya kuratibu matangazo ya Serikali, ambayo kwa magazeti mengi ni mkate wa kila siku. Mwaka 2023 kifungu hicho kiliondolewa. Wahariri walishangilia, na walikuwa na haki.

Nje ya nchi hali si safi zaidi. Marekani, kampuni ya HomeAdvisor iliyokuwa ikiunganisha wenye nyumba na mafundi ilishitakiwa mwaka 2022 na Tume ya Biashara ya Shirikisho. Ilidaiwa kuwapotosha mafundi kuhusu ubora wa wateja iliowauzia, na kuhusu ni wangapi kati ya wateja hao huishia kutoa kazi. Mwaka 2023 ilikubali kulipa hadi dola milioni 7.2. Takwimu ilikuwa ndiyo bidhaa, na anayeiuza ndiye aliyeihesabu.

Benki ya Dunia nayo, iliyotuonya mwaka 2018, iliisitisha ripoti yake maarufu ya mazingira ya biashara Septemba 2021, baada ya uchunguzi kuonesha data za baadhi ya nchi zilichezewa. Kumbe mkubwa naye hujikwaa.

Daftari na kalamu

Mafundi wa hapa wana hofu yao, na haihusiani na wastani. Mtu akija na daftari akiuliza "unalipwa kiasi gani kwa mwezi", jambo la kwanza linalokuja kichwani ni kodi. Kumbukumbu ya vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 vilivyoanza kugawiwa mwishoni mwa 2018 haijafutika. Jibu litakalopatikana litakuwa dogo kuliko ukweli. Mteja akisikiliza pembeni, litakuwa kubwa kuliko ukweli. Mdodosaji mzuri anajua lini amvute fundi kando, na hamuulizi anadai nini; anamuuliza kazi ya mwisho alilipwa nini.

Kuna na suala la majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa yeyote anayekusanya namba za simu za mafundi na mapato yao. Orodha ya "mafundi wetu Kondoa" yenye majina na simu, ikizungushwa bila ridhaa yao, ni kosa hata kama nia ilikuwa kuwatafutia kazi.

Argentina ilionesha kwa nini usiri huo ni mfupa wa kazi yenyewe. Katika miaka ya 2006 na 2007 katibu wa biashara ya ndani, Guillermo Moreno, aliibana ofisi ya takwimu impe orodha ya maduka yanayochukuliwa bei. Mkuu wa fahirisi, Graciela Bevacqua, alikataa, akaondolewa. Namba za mfumuko zikaanza kuwa nzuri mno, hadi Shirika la Fedha la Kimataifa likaikemea rasmi nchi hiyo Februari 2013. Kila mtu sokoni alikuwa ameshaacha kuziamini.

Milioni 20 kila mahali

Mtu anaweza kuuliza kuna haja gani ya kelele zote hizi kwa sababu ya lipu ya nyumba ya mwalimu. Tazama basi fedha za umma.

Oktoba 2021, akiwa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa fedha za UVIKO-19, mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Madarasa 15,000 yalipangwa kujengwa nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Bei ya darasa iliwekwa moja: shilingi milioni 20. Ilikuwa milioni 20 pwani ambako saruji iko karibu na kiwanda, na milioni 20 kwenye kijiji ambako maji ya kukorogea zege huletwa kwa punda.

Kazi zilifanywa kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa kawaida wa eneo husika, chini ya kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Kamati hizo, zenye wakulima na walimu ndani yake, ndizo zilizokaa kupatana na fundi. Hazikuwa na bei ya mahali pao ya kushika mkononi. Zilikuwa na kikomo kutoka juu na muda mfupi. Kamati iliyopatana vizuri ilibakiza cha kupaka rangi. Iliyopatana vibaya ilimwomba mzazi achangie.

Kwa mkoa ambao watu wake walikuwa 2,083,588 mwaka 2012 na wakafika 3,085,625 katika sensa ya 2022, madarasa na nyumba havitaacha kujengwa. Lami ya Dodoma–Babati, kilomita 251, iliyozinduliwa Aprili 2018, imeshusha malori ya vifaa hadi mlangoni. Bei zinasafiri sasa, na zinasafiri haraka kuliko anayezipima.

Kwa maoni yangu, Kondoa haihitaji kumsubiri mfadhili wala muuza rangi. Bei halisi zilizolipwa, zenye kipimo, tarehe na sahihi, zimeshaandikwa. Zimo kwenye mikataba ya mafundi iliyofungiwa kwenye makabati ya shule, zahanati na ofisi za kata, kila mradi na faili lake. Hizo ni bei zilizolipwa, si za kuuliziwa njiani, na hakuna kampuni iliyozilipia.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuziomba, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Afisa mmoja na karani mmoja wanaweza kupanga bei za uashi, kupaua na kupiga lipu kwa kata, kwa mwezi, ya chini, ya katikati na ya juu. Majina na namba za simu za mafundi zifutwe kabla karatasi haijatoka ofisini. Kipimo, tarehe na kiasi kilicholipwa vibaki.